Je, mtoto mchanga anamjua Mungu?



Katika vijiji vyetu kuna maneno mawili yanayosemwa juu ya watoto wachanga, tena husemwa na wakristu wema. La kwanza ni hili: mtoto huzaliwa anamjua Mungu, maana ametoka mikononi mwake sasa hivi, akicheka peke yake usingizini, wazee husema anacheka na malaika. La pili ni kinyume chake: mtoto hajui kitu, ni kama kibuyu kitupu, basi mwache kwanza akue, akipata akili atajichagulia dini mwenyewe. Wenye neno la kwanza hawamfundishi mtoto kwa sababu amekwisha kujua. Wenye neno la pili hawamfundishi kwa sababu hawezi kujua bado. Kumbe wote wanafika mahali pamoja: mtoto anakaa bila kusikia habari ya Mungu nyumbani mwao, mpaka siku anapoandikwa katika mafundisho, naye ana miaka minane au tisa.

Sisi tunaowapokea watoto hao tunayaona matunda yake. Lakini leo hatukuja kugombeza wazazi. Tunataka kusimulia historia ya swali lenyewe, kwa sababu ni la zamani sana, na watu wakubwa wamelihangaikia: maaskofu, wafalme, wataalamu wa vitabu. Wengine walilitafutia jibu kwa kuwatesa watoto.

Tuanze na Waafrika wawili. Mwaka 197, Tertullianus wa Carthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, aliandika kitabu cha kuwatetea wakristu mbele ya wakubwa wa Roma. Akawaambia: wasikilizeni wapagani wenyewe. Mtu akishtuka au akipatwa na hatari, hataji majina ya miungu ya hekaluni; humtaja Mungu mmoja tu, tena huangalia mbinguni. Basi roho ya mtu, kwa asili yake, yaelekea imani ya wakristu. Neno hilo la Tertullianus limependwa na kurudiwa karne zote. Lakini wanaolirudia husahau kugeuza ukurasa. Neno hilo liko katika sura ya 17. Katika sura ya 18 Tertullianus yule yule asema kwamba mkristu hazaliwi mkristu, bali hufanywa.

Wa pili ni Arnobius wa Sicca, mji wa nchi ile ile, aliyeandika yapata mwaka 300. Alikuwa mwalimu wa ufasaha, naye aliingia dini akiwa mtu mzima. Wakati ule kulikuwa na watu waliosema kwamba roho zashuka kutoka juu zikiwa zimejaa maarifa. Arnobius akawajibu kwa mfano. Tufikiri mtoto amewekwa tangu kuzaliwa katika chumba cha chini ya ardhi, pasipo sauti wala upepo. Mlezi mmoja huja kumlisha, asiyesema neno lolote. Aishi hivyo miaka ishirini, au thelathini, au arobaini. Kisha mtoeni nje mbele ya watu, mwulizeni yeye ni nani na ametoka wapi. Arnobius asema atasimama bubu kama gogo. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba katika kitabu cha kwanza cha kazi hiyo hiyo, Arnobius alikuwa amesema kwamba kila mtu huzaliwa na fahamu fulani ya Mungu Mkuu. Hata kichwani mwa mtu mmoja maneno haya mawili yaliweza kukaa pamoja.

Arnobius alifikiri tu. Aliyetenda ni mfalme Akbar wa Uhindi.

Mfalme huyu alitawala toka mwaka 1556 mpaka 1605, na makao yake wakati ule yalikuwa Fatehpur Sikri, karibu na Agra. Alikuwa na majeshi na mali nyingi, tena alipenda mno kushindanisha wataalamu wa dini mbele yake: Waislamu wa kila namna, Wahindu, Wajaini, Waparsi. Akaandika barua mpaka Goa kuomba mapadri. Mwezi wa Februari 1580 mapadri wa Shirika la Yezu wakafika kwake, mkubwa wao Padri Rudolf Acquaviva, Mwitalia wa miaka 29, aliyeuawa baadaye kwa ajili ya dini huko Cuncolim, karibu na Goa, mwaka 1583.

Yapata mwaka 1578, kabla mapadri hao hawajafika, Akbar alikuwa ameamuru nyumba itengwe mbali na makao ya watu. Humo wakatiwa watoto wachanga waliotwaliwa kwa mama zao kwa fedha. Wakapewa walezi na walinzi, na wote wakakatazwa kabisa kutamka neno mbele ya watoto. Watu wakaiita nyumba hiyo Gung Mahal, ndiyo kusema Jumba la Mabubu. Badauni, mwandishi Mwislamu wa pale pale barazani, asema watoto walikuwa kama ishirini. Padri Jerome Xavier, wa jamaa ya Mtakatifu Fransisko Xaveri, aliyeisikia habari hiyo kinywani mwa mfalme mwenyewe na kuiandika mwaka 1598, asema walikuwa thelathini.

Mfalme alitafuta nini? Abul Fazl, mwandishi wake mpendwa, asema alitaka kuonyesha kwamba lugha huingia kwa masikio. Badauni, ambaye hakupendezwa na mambo ya mfalme, asema ni habari ya dini. Waislamu wana mapokeo ya Mtume wao kwamba kila mtoto huzaliwa na maelekeo ya dini; basi Akbar alitaka kuona watoto hao wataelekea dini gani, na watatamka shahada gani. Padri Xavier aunganisha mambo hayo mawili: mfalme alikusudia kufuata sheria na desturi za nchi ile ambayo lugha yake watoto wangeisema. Tazameni basi: mtu aliyetawala mamilioni alitaka kuchaguliwa dini na watoto wa kunyonya, tena wasiokuwa na mama.

Mwezi wa Agosti 1582 Akbar alikwenda mwenyewe kutazama, na watu wachache. Watoto walikuwa na miaka kama minne. Abul Fazl aandika kwamba hakikusikika kilio wala neno katika nyumba ile. Badauni aongeza kwamba baadhi yao walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa mabubu. Hawakusema Kiarabu, wala Kihindi, wala Kiebrania. Hawakutaja Mungu kwa jina lolote.

Mfalme mmoja wa Misri, Psammetichus, alisimuliwa na Herodoto kuwa alifanya vivyo hivyo zamani sana kwa watoto wawili, naye alitafuta lugha tu. Habari yake huenda ni hadithi. Ile ya Akbar si hadithi, imeandikwa na watu watatu waliomfahamu mfalme.

Wako wanaoisoma habari hii na kusema: mnaona sasa, mtoto hana Mungu ndani yake, Mungu ni maneno ya wazazi tu. Sisi tunaona wanakwenda mbio mno. Watoto wa Gung Mahal hawakumtaja Mungu, ni kweli. Lakini hawakutaja maji pia, wala uji, wala mkono. Je, tutasema kwamba binadamu hakuzaliwa kwa kusema? Mtoto huzaliwa na ulimi na masikio na hamu ya kusema kuliko kiumbe chochote cha dunia, na hata hivyo, asiposikia mtu, hasemi. Mbuzi husikia maneno yetu siku zote, hasemi. Mtoto ana kitu ambacho mbuzi hana, lakini kitu hicho kinangoja kinywa cha mama. Huenda kwa habari ya Mungu ni vivyo hivyo. Mfalme alifunga dirisha, kisha akauliza kwa nini chumbani hamna mwanga.

Ulaya ubishi huo ulifanyika vitabuni. Mwaka 1641 Descartes, Mfaransa, aliandika kwamba wazo la Mungu limetiwa ndani yetu tangu kuumbwa, kama fundi atiavyo alama yake katika kazi yake. Mwingereza John Locke, katika kitabu chenye mwaka 1690, akakataa: akili huanza kama karatasi isiyoandikwa. Kama Mungu angekuwa ameandikwa humo, mataifa yote yangemjua. Lakini wasafiri wameleta habari za mataifa yasiyomjua, kama watu wa ghuba ya Saldanha huko Afrika ya Kusini, na wengine wa Brazil.

Hapo Locke aliwasadiki mno mabaharia. Mtu anayeshuka melini kununua ng'ombe, asiyejua lugha, atajuaje watu wanamwamini nani? Kosa hilo liliendelea muda mrefu. Mwaka 1866 Samuel Baker, aliyesafiri katika nchi za mto Nile, aliwaambia wataalamu wa London kwamba makabila ya kule hayana imani yoyote katika Mungu Mkuu. Mwaka 1871 mwenzake Edward Tylor akamsahihisha, akionyesha kwamba wasafiri wengine walikuwa wamekwisha kuandika jina la Mwumba linalotumiwa na Wadinka wa huko huko. Na sisi hapa, nani asiyejua kwamba Watabwa walimwita Leza, Waluba walimwita Vidye, Bashi walimwita Nyamuzinda, kabla padri wa kwanza hajavuka ziwa? Warundi na Wanyarwanda humwita mtoto Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye, au Harerimana, yaani Mungu ndiye aleaye.

Lakini tuwe waangalifu, tusije tukajisifu kupita kiasi. Majina hayo yanaonyesha kwamba mababu walimjua Mungu. Hayaonyeshi kwamba mtoto alizaliwa naye. Harerimana anabeba jina la Mungu kabla hajaweza kukaza shingo, na hajui lina maana gani mpaka bibi yake amweleze. Ndiyo, Mungu ndiye aleaye. Lakini jina lenyewe lilitoka kinywani mwa mtu.

Sasa tunafika kwenye habari ambayo sisi huifikiri mara nyingi kuliko ile ya Akbar, kwa sababu haikutokea katika jumba la mfalme, ilitokea katika parokia.

Mwaka 1703 Chuo cha Sayansi cha Paris kilipokea taarifa kutoka mji wa Chartres, ambayo mwandishi wake, Fontenelle, aliichapisha katika kitabu cha chuo cha mwaka huo. Kijana wa miaka 23 au 24, mtoto wa fundi, kiziwi na bubu tangu kuzaliwa, alianza ghafula kusema, mji mzima ukastaajabu. Alieleza kwamba miezi mitatu au minne kabla ya hapo alisikia sauti ya kengele, akashangaa sana kwa jambo jipya lile. Kisha maji yakatoka katika sikio la kushoto, akasikia kwa masikio yote mawili. Hakumwambia mtu. Alikaa miezi ile akisikiliza tu na kurudia maneno kwa sauti ndogo, mpaka akathubutu kusema mbele ya watu, ingawa vibaya bado.

Mara wataalamu wa teolojia wakamwendea. Wakamwuliza juu ya Mungu, juu ya roho, juu ya wema na ubaya wa matendo. Yeye akaonekana kuwa hakupata kufikiri mpaka huko. Wazazi wake walikuwa wakatoliki. Alikwenda Misa. Alikuwa amefundishwa kufanya ishara ya msalaba na kupiga magoti kama mtu anayesali. Lakini katika hayo yote hakuwa ametia nia yoyote, wala hakuelewa kwamba wengine walitia nia. Hata kifo hakujua vizuri ni nini.

Wapinga dini wa karne ile waliifurahia habari hii, wakaitia katika vitabu vyao: angalieni, miaka zaidi ya ishirini, na Mungu hakuonekana ndani ya kijana huyo! Sisi twaweza kuwajibu kwamba mtu wa miezi minne katika lugha hawezi kueleza yaliyokuwa moyoni mwake miaka ishirini. Mpelekeni mzee wetu yeyote mbele ya wataalamu watano, aulizwe juu ya roho katika lugha aliyoanza kuisikia juzi, tuone atajibu nini. Jibu hilo ni la haki. Lakini tukiisha kuwajibu wapinga dini, aibu inabaki kwetu. Kijana yule alipiga magoti Domenika kwa Domenika katikati ya wakristu. Walimfundisha mikono na magoti, basi wakaridhika. Tuangalie na mabenchi yetu. Katika parokia nyingi yuko kiziwi mmoja au wawili, wanaosimama tukisimama na kukaa tukikaa. Na mtoto asikiaye vizuri, ambaye nyumbani kwao hakuna anayemwambia habari ya Mungu, anapungukiwa nini na kijana wa Chartres?

Kanisa limefundisha nini juu ya jambo hili? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitumia mfano mwepesi. Kwa asili, asema, tunayo fahamu ya Mungu, lakini ya jumla na yenye ukungu, kwa kuwa kila mtu hutamani heri, na heri ya mtu ni Mungu. Kuona kwamba mtu fulani anakuja kwa mbali si kumjua Petro, ingawa anayekuja ndiye Petro. Katika karne ya 19 walitokea wakatoliki, hata katika chuo kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, waliosema kwamba akili ya kila mtu yamwona Mungu moja kwa moja tangu mwanzo. Mwaka 1861 Roma ikasema fundisho hilo haliwezi kufundishwa kwa usalama. Wengine, waliomfuata de Bonald wa Ufaransa, wakaenda upande wa pili: akili peke yake haiwezi kitu, yote hutoka katika mapokeo na lugha. Na hao Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, haukuwafuata: ulifundisha kwamba akili ya mtu yaweza kumjua Mungu kwa kuviangalia viumbe vyake. Yaweza, lakini mtoto wa wiki mbili hana bado matumizi ya akili. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yasema juu ya hamu ya Mungu iliyo moyoni mwa mtu. Hamu ni kitu kimoja na ujuzi ni kitu kingine: mtoto mchanga ana hamu ya maziwa kabla hajajua ziwa la mama yake.

Mtu atauliza: mbona basi tunambatiza asiyejua? Askofu Bonifasi, wa hapa hapa Afrika, alimwuliza Mtakatifu Agostino swali hilo mwanzoni mwa karne ya 5. Ilimtatiza kwamba wasimamizi hujibu kwamba mtoto anasadiki, kumbe mtoto hajui hata kama Mungu yuko. Agostino hakusema kwamba mtoto anajua kwa siri. Alisema mtoto huitwa mwamini kwa sababu ya sakramenti ya imani aliyoipokea, na kwamba akikua ataielewa. Yaani Agostino aliona kwamba kuna kazi inayobaki baada ya ubatizo.

Siku hizi wataalamu wameacha kufungia watoto. Wanawauliza tu maswali. Deborah Kelemen wa Marekani aliwauliza watoto wa shule kwa nini mawe fulani yana ncha. Watoto wengi wakapenda jibu la kusema yana ncha ili wanyama wasiyakalie. Kwa mtoto kila kitu kina kusudi. Mwaka 2004 Kelemen akauliza katika maandishi yake kama basi watoto wako karibu na kumwamini Mwumba kwa asili yao. Justin Barrett na wenzake, mwaka 2001, waliwaonyesha watoto boksi la biskuti lililotiwa vijiwe ndani. Watoto wa miaka mitano na sita walisema mama yao, asiyefungua boksi, angedhani mna biskuti. Lakini Mungu angejua kuna mawe. Haya ni mazuri kusikia, ila tusiyavute kuliko urefu wake. Watoto hao walikwisha kusikia habari ya Mungu kwa mtu. Kinachoonekana ni kwamba wakisikia, hawapati taabu kuipokea.

Turudi kwenye karne ya Akbar. Mwaka ule ule wa 1578, wakati jumba la Uhindi lilipoanza kunyamaza, huko Hispania, katika monasteri ya Oña, mmonaki Pedro Ponce de León aliandikisha hati ambamo aeleza kwamba aliwafundisha watoto wa mabwana, viziwi na mabubu tangu kuzaliwa, kusema, kusoma, kuandika, kusali, kusaidia Misa na kuungama. Mfalme mwenye walinzi na hazina alichukua watoto waliosikia, akawafanya mabubu. Mmonaki alichukua mabubu, wakasali.

Karibu miaka mia mbili baadaye, Paris, palikuwa na wasichana wawili mapacha, viziwi. Padri Vanin alikuwa ameanza kuwafundisha dini kwa picha, akafa. Padri Charles-Michel de l'Épée akawakuta hawana mwalimu. Aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1776 kwamba aliogopa wataishi na kufa bila kuijua dini yao, kama yeye hatatafuta njia. Njia aliyoishika ni ishara za mikono, ambazo viziwi wenyewe walikuwa nazo tayari. Yapata mwaka 1760 nyumba yake ikawa shule, wakaja maskini wa kila mahali. Mafundisho hayo yakafika na Bordeaux, na huko mwanafunzi mmoja alikuwa Jean Massieu, mtoto wa mashamba, aliyeingia shule akiwa na miaka 13. Nyumbani kwao walikuwa watoto sita, wote viziwi.

Baadaye, alipokwisha kujua kuandika, watu walimwuliza Massieu swali lile waliloulizwa wote kabla yake. Alijibu kwamba baba yake alimpigisha magoti asubuhi na jioni, naye alikunja mikono na kuchezesha midomo kama aliowaona wakisali. Ulifikiri nini? Alifikiri mbingu. Aliiomba mbingu ishuke usiku juu ya ardhi, ili mimea aliyoipanda iote, na wagonjwa wapone. Na wazazi wake walipougua wasipone, aliitishia mbingu kwa mkono, akikasirika kwamba hawezi kuifikia aipige. Hakujua kuna nani huko juu. Massieu akawa mwalimu wa viziwi Paris, na baadaye Lille, ambako alifariki mwaka 1846.